Maji ya Kutolea Sumu

4 Juni

Wifi yangu,

Binti yako amefika salama. Kashuka kwenye basi ana begi moja, na kabla hatujafika nyumbani ameshaniuliza kwa nini nimenenepa, kwa nini mlango wangu una makufuli mawili, na kama wodi yenu ina madirisha. Nimemwambia yapo, tena makubwa, na mama kitanda chake kiko karibu nayo kwa sababu wagonjwa wa kifua wanataka hewa. Nimemwita Maswali, na jina limemkaa. Siku akirudi kwako akagoma kuitikia lile mlilompa, ujue ni mimi.

Shule zimefungwa, kwa hiyo naenda naye kazini. Meneja alikunja uso, halafu akamwona anavyotulia mbele ya vioo vya samaki wadogo, akasema haya, mradi asikimbiekimbie. Mimi bado niko palepale, kwenye bwawa la kugusia, ambamo wageni wanaokuja kutazama samaki wanaruhusiwa kuwashika. Ni bwawa la saruji, kina chake hakizidi kiuno cha mtoto, na ukingo wake tumeuvika mpira mweusi ili watu wapige magoti bila kuumia. Humo ndimo wanamokaa nyenga wangu, wale samaki bapa wenye mkia kama mjeledi.

Unajua watu wazima wanavyokosea? Wanawafukuza. Wanatumbukiza mkono, wanashika maji, nyenga kashafika upande wa pili. Mimi nawaambia: osha mkono kwa maji matupu, usitie sabuni, vua pete, laza kiganja chini ya maji, nyamaza. Anakuja mwenyewe. Yuko jike mmoja mkubwa tunamwita Bibi Harusi kwa jinsi anavyoburuta pindo. Huyo hana haya hata kidogo. Anapanda ukuta kwa tumbo mpaka pua inatoka majini, anataka kukunwa.

Maswali amegoma. Mikono nyuma, macho yote kwenye mkia. Simlazimishi.

Najua na wewe utauliza, maana kaupata wapi ulimi ule kama si kwako. Ndiyo, nyenga ana mwiba juu ya mkia, na una sumu. Wa kwetu tunaukata, kama kucha, wala hawasikii maumivu. Tatizo unaota tena. Kwa hiyo kila baada ya muda namzungushia kila mmoja kitambaa kilicholowa, napitisha kidole gumba juu ya mkia taratibu, nikikuta kichomozi nakikata. Kwa macho hukioni, kina rangi ya ngozi yake. Ni kidole tu kinachokijua. Hiyo ndiyo kazi yangu, na hakuna anayeniingilia.

Wewe meza dawa. Ukitoroka tena kama mwaka jana, nitakurudisha mimi mwenyewe nimekushika sikio. Daktari alisema nini? Ukikatisha mara ya pili, dawa hizo hazitakushika tena. Humo usitoke mpaka wakufungulie wenyewe. Mtoto nipo naye.

Wifi yako mnene

*

13 Juni

Wifi,

Barua yako nimeisoma, nikacheka mpaka muuguzi akaniambia nipunguze, kifua hakijazoea. Unene wako unaujua mwenyewe, usimsingizie mtoto.

Sisi huku tunasalimiana kwa mbali. Kila anayeingia kafunika pua na mdomo. Tangu nilazwe hakuna aliyenigusa bila glavu, hata anayenipima homa. Sikulalamikii, nakueleza tu. Mwenzangu wa kitanda cha pili anajishika mkono wake mwenyewe akilala, nilikuwa namcheka, sasa na mimi nafanya hivyohivyo. Kwa hiyo umpakate mwanangu. Najua ni mkubwa, miguu itafika chini. Mpakate hivyohivyo.

Jambo jingine. Pembeni mwa barua yako kuna alama ya dole, ya damu. Dole zima, naona hadi mistari yake. Ulikatwa na nini ukaendelea kuandika?

Na kuhusu mwiba huo, niapie kwamba utawapitisha wote kidole kabla mtoto hajatia mkono. Marehemu kaka yako angekuwapo nisingekusumbua wewe, ningemsumbua yeye.

Mama Maswali, kama ulivyotaka

*

21 Juni

Wifi,

Sasa umekuwa askari wa upelelezi. Nilikuwa nakata vitunguu, kisu kikanipitia, sikuona. Mtu akipika na kuandika kwa wakati mmoja ndiyo yanayomkuta. Kitanda kimekuchosha, unatafuta kesi.

Nakuapia, na ninaapa kwa kaburi la kaka yangu ili uridhike. Wote nimewapitisha jana, mmoja baada ya mwingine, Bibi Harusi wa mwisho. Mkia wake ni laini kama shavu, hakuna kitu. Kazi hii nimeanza kuifanya wewe hujaolewa kwetu.

Maswali bado anazunguka bwawa kama mkaguzi. Jana alikaa chini kabisa, akalaza shavu kwenye ule mpira, akawa anawatazama wanavyopita. Bado mikono iko mgongoni. Usiku namlaza kifuani, miguu inafika chini kweli, analala akiongea.

Ameandika karatasi yake, ameikunja mara nyingi na kuniambia nisiifungue. Naiweka humu kama ilivyo.

Wifi yako

*

Mama shikamoo. Mimi sijambo. Nyenga wana mdomo tumboni, ukiwaona kwa chini utasema wanacheka na wana macho, lakini yale siyo macho ni pua. Macho yako juu. Bado sijawashika. Shangazi anasema wanajua mtu mwoga na mtu mwema, lakini mimi ni vyote viwili.

Shangazi anapika vizuri. Juzi alishika sufuria motoni bila kitambaa akawa ananihadithia habari za baba alivyoanguka kwenye pipa, na sufuria ameishika tu, mimi ndiye nikapiga kelele. Vidole vyake vimelala. Amesema vitaamka vyenyewe. Kesho yake alikanyaga kigae akatembea nacho, nikaona damu mimi. Amesema nisikuambie, utatoroka. Lakini wewe ni mama kwa hiyo siyo kuambia mtu.

Usitoroke.

*

30 Juni

Wifi,

Unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kisu cha vitunguu.

Nataka unisikilize. Kaka yako kilimuanzaje? Si vidole? Si alikuwa anavua kiatu anakuta soksi imelowa damu, anasema labda msumari? Nilikuwa namfunga mimi, na wewe ulikuwa unashika taa. Tulimwona sote alivyokwisha, mguu wa kwanza, kisha wa pili. Kisukari kiko kwenu, hukijui? Na wewe unene huo, na kiu ile uliyoniandikia wakati wa joto kwamba unakunywa ndoo nzima. Nenda kapimwe. Siyo wiki ijayo.

Halafu nifikirie na mimi. Mtu ambaye sufuria ya moto haisikii, anaapa kwa kaburi kwamba mkia wa samaki ni laini. Kidole gani kilichokuambia ni laini?

Mtoto asitie mkono kwenye bwawa hilo mpaka mtu mwingine awapitishe samaki wale. Mwombe yule fundi wa pampu, si ulisema anakuchungulia kila ukiinama? Leo awe na faida.

Nimefunga begi jana. Muuguzi alinikuta, nikamwambia natafuta kanga. Wifi, roho yangu iko juu. Nijibu upesi.

Mama yake

*

8 Julai

Wifi,

Fungua begi hilo. Nimekwenda kupimwa. Wamenitazama juu chini, wamesema ni uchovu na maji ya baridi ya kila siku, wamenipa vidonge na mafuta ya kupaka. Kaka alikuwa kaka, mimi ni mimi. Kwa hiyo ulale salama.

Fundi wa pampu vidole vyake vina grisi mpaka kwenye kucha. Akimshika nyenga, ndiyo mazishi. Nimewapitisha tena mwenyewe, polepole, na nimewatazama kwenye mwanga. Hawana kitu.

Sasa kaa vizuri nikupe habari njema. Ameshika.

Ilikuwa asubuhi kabla ya wageni. Mimi nilikuwa nachota majani yaliyoanguka humo, sikumwambia lolote, nilishaacha kumwambia. Nikageuka nikamwona amepiga magoti, amekunja mkono wa gauni, kiganja kiko chini ya maji, na amefumba macho. Bibi Harusi alimpita mara ya kwanza kwa mbali. Akazunguka, akapita tena karibu. Mara ya tatu akaja akajisugua kwenye kiganja kuanzia puani mpaka pindo, akasimama pale. Maswali hakusogea. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Shangazi, ananinusa." Nikamwambia ndiyo, anakusoma wewe ni nani. Akasema, "Kwa juu ni kama ulimi, kwa pembeni ni kama uji ulioganda. Na wewe unasikia hivyo?" Nikasema ndiyo, hivyohivyo.

Nilifurahi, wifi. Tangu tumzike kaka sijafurahi namna ile. Nilitamani ungekuwepo nyuma yetu hata kwa kufunika pua. Sasa kila asubuhi hanisubiri, ananitangulia, namkuta ameshaosha mikono.

Umebakiza kidogo humo ndani. Jikaze.

Wifi yako

*

17 Julai

Wifi,

Kaa chini kwanza. Mtoto yupo hai, anakula, anaongea.

Jumatatu asubuhi alikuwa na Bibi Harusi kama kawaida. Ndoo iliniponyoka ikaanguka ukingoni, samaki akashtuka, akapiga mkia. Kulikuwa na mwiba. Ulikuwa umeanza kuota, mfupi, sijui niseme nini, nilipita pale na sikuukuta. Ulimchana chini ya kidole gumba, mkono wa kulia.

Nilifanya kila tulichofundishwa. Nilimwosha, nikatoa kipande, nikamtia mkono kwenye maji ya moto ya kutolea sumu, maana sumu ya nyenga huvunjwa na joto. Sikupoteza hata dakika. Lakini sumu ilikuwa kali. Mkono umevimba na kuharibika mpaka kwenye kifundo, amelazwa, wamemfanyia upasuaji mmoja. Wanasema vidole havitanyooka vyote. Sumu ya mnyama hakuna anayezijua nguvu zake, kila mwili na wake.

Bwawa limefungwa. Mimi nimeambiwa nikae nyumbani, lakini siko nyumbani, nipo hapa chini, kando ya kitanda chake, na ninakuandikia juu ya kiti.

Nakuomba, kwa chochote unachokipenda, usitoke. Ukitoka sasa tutakuwa tumewapoteza wawili.

Wifi yako

*

22 Julai

Nimemsomea daktari wetu barua yako. Aliisikiliza yote, akaniuliza kwa nini mwiba mfupi uliochana juujuu umekula mkono wa mtoto mpaka kwenye kifundo. Akaniuliza ngozi ilikuwaje: ilikuwa nyeusi kwenye jeraha, au ilikuwa imechubuka yote sawasawa kama glavu. Nikamwambia sijui, mimi nimefungiwa hapa.

Kwa hiyo nakuuliza wewe. Ngozi ilikuwaje?

Usiniandikie habari za sumu. Niandikie ulichofanya. Na kama huwezi, mpe mtoto kalamu.

*

29 Julai

Wifi,

Umesema nimpe kalamu, nimempa. Ameandika kwa mkono wa kushoto, imemchukua asubuhi yote, na hakutaka nimsaidie hata kushika karatasi.

*

Mama shikamoo. Hizi herufi zinalala kwa sababu ni mkono wa kushoto, siyo uvivu. Mwiba uliuma lakini siyo sana, kama nyuki. Nililia kidogo. Shangazi akanibeba akakimbia mpaka kwenye chumba cha ndoo, akachemsha birika la chai, akamimina kwenye beseni, akaongeza ya bomba kidogo. Akatia mkono wake kwanza, akakaa nao humo, akasema haya yako sawa, vuguvugu tu. Akanishika mkono wangu akauingiza.

Nikamwambia Shangazi yanaunguza. Akasema vumilia mwanangu, hiyo ni sumu inatoka. Nikamwambia tena na tena. Akanikumbatia kwa nguvu nisiutoe, akawa anasema inatoka, inatoka, bado kidogo. Alikuwa analia kwa sababu mimi nilikuwa nalia. Fundi wa pampu akaja kuangalia kelele, akatia kidole chake, akatukana, akapindua beseni lote.

Mkono wa Shangazi nao ulitoka malengelenge lakini hakujua mpaka nesi akamwonyesha. Akautazama muda mrefu. Halafu akatoka nje.

Mama, sumu yote ilitoka? Nikimuuliza Shangazi anapanga shuka.

Bibi Harusi hakufanya makusudi.

*

6 Agosti

Wifi,

Nimeisoma mara moja. Sitaisoma tena.

Nadhani uliisoma kabla ya kuituma. Bahasha ilikuwa yako, gundi ilikuwa yako, ungeweza kuichana na kuniandikia habari za sumu mpaka mwaka uishe. Hilo nimeliona. Ni hilo tu nililoliona upande wako.

Hukwenda kupimwa. Najua kwa nini. Uliogopa ukiniambia ukweli nitatoroka, na kweli ningetoroka siku hiyohiyo. Ulificha ili mimi nipone. Basi nitapona, wifi, na mwanangu atanisalimia kwa mkono wa kushoto.

Ile siku barua ya mtoto ilipofika nilivaa viatu. Nilipita ukumbini, nikafika getini, hakuna aliyenishika. Muuguzi wa zamu alikuwa anakula. Alinitazama, akaniuliza, "Nyumbani kwako vyumba vingapi?" Nikasema kimoja. Akaniuliza, "Mtoto utamlaza wapi?" Akaendelea kula. Nilisimama pale nikimfikiria ana kidonda kibichi, analala kifuani kwangu, navuta pumzi namtolea. Nikavua viatu, nikarudi kitandani, na dawa ya jioni nikameza.

Ndipo nikaanza kutafuta wa kumchukua. Mama yangu haoni tena. Dada yangu unamjua yeye na mumewe, mbwa wao anakula vizuri kuliko watoto wao. Rafiki zangu wananiogopa hata kwa barua. Nimewapitisha wote, na nimerudi kwako. Hakuna mwingine. Umemharibu mkono mwanangu kwa kumpenda, na sina mtu mwingine anayempenda.

Sijakusamehe, na usiniulize. Niliandika maneno mengine hapa nikayachana, siyo kwa huruma, ni kwa sababu barua hii anaweza kuiona yeye.

Kwa hiyo atakaa kwako mpaka nitoke, na utafanya hivi. Kesho asubuhi mwende hospitali wote wawili, yeye kwa bandeji yake na wewe kwa vidole vyako. Useme kila kitu mbele ya daktari, na yeye awepo. Wakikuambia ni kisukari, anza dawa siku hiyo, kwa sababu ukifa sasa hivi unaniachia nani.

Na akikuuliza tena kama sumu ilitoka, usipange shuka. Mwambie haikuwa sumu. Mwambie yalikuwa maji, na kwamba aliposema yanaunguza alikuwa anasema kweli. Umwambie wewe, siyo mimi. Atakuogopa. Kaa hapohapo karibu naye wakati anakuogopa, maana akitaka kukukimbia, hana pengine pa kwenda.

Mama yake